Birika la Bi Mosi

Kila alfajiri, kabla ya adhana, mfuniko wa birika ulilia upande wa pili wa ua. Kli. Tumaini, mwanafunzi wa darasa la sita, aliisikia sauti hiyo akiwa kitandani na kujua kwamba Bi Mosi, jirani yao mzee, ameamka, anatawadha barazani kwake. Kisha alilala tena kidogo, moyo umetulia.

Nyumba zao pale Mafiga zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Mama yake Tumaini alikuwa amehamishiwa kazi Dodoma, na baba yake, Mwalimu Raphael, hakujua kusuka nywele. Kwa hiyo kila Jumapili jioni Bi Mosi alikuja, akaketi mkekani na kumsuka Tumaini mtindo wa twende kilioni, huku akimsimulia habari za Kinole, kijiji alikozaliwa. Hakuomba chochote. Akimaliza, alimpapasa na kusema, "Haya, kichwa kimepata mwenyewe."

Kisha akaja Chopa. Alikuwa mbwa mchanga wa rangi ya mdalasini, akaitwa Chopa kwa jinsi mkia wake ulivyozunguka kama helikopta. Baba alimkabidhi Tumaini mbwa huyo pamoja na kamba.

"Usiku utamfunga mpaka kupambazuke," alisema. "Jioni utamfundisha kukaa na kungoja. Mbwa asiyefundishwa ni mzigo kwa majirani."

"Sawa, baba."

Lakini kumfundisha kulichosha, na kucheza naye kulifurahisha. Chopa alipomrukia kifuani, Tumaini alicheka na kumpa kipande cha chapati. Chopa alipolia alfajiri, Tumaini alimfungua akazurure, yeye akarudi kulala. Baba akiuliza, alijibu, "Nilimfunga."

Baada ya muda sauti ya birika haikusikika tena. Jumapili ikapita bila Bi Mosi kuja, na nyingine ikapita. Tumaini alimwamkia akiwa upande wake wa michongoma. Bi Mosi aliitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaingia ndani. Tumaini alidhani amechokwa. Nywele zake zilifumuka, na hakuna aliyezigusa.

Asubuhi moja walisikia kilio kwa jirani. Bi Mosi alikuwa ameteleza nyuma ya nyumba yake na kuvunjika nyonga.

Hamza, mjukuu aliyeishi na Bi Mosi, alisoma darasa moja na Tumaini. Wakati wa mapumziko Tumaini alimfuata.

"Bibi anaendeleaje?"

"Kamuulize mbwa wako."

"Chopa kafanya nini?"

Hamza alimkazia macho. "Kweli hujui? Kila alfajiri anapenya michongoma, anamrukia bibi barazani, anamlamba. Kwetu sisi, mbwa akikulamba, unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Bibi anaosha, anatawadha upya, na wakati wa swala unampita. Mwishowe akahamia kule nyuma, kwenye mawe ya utelezi. Nilitaka kuja kwenu kusema, akanikataza. Akasema, 'Mwache mtoto, mama yake yuko mbali.'"



Jioni alimweleza baba yote, pamoja na uongo wake kuhusu kamba. 

"Kumbe ulimfundisha, tena vizuri," baba alisema. "Ulimfundisha kuruka. Kila aliporuka ulicheka, ukampa chakula. Sasa mfundishe jambo jingine."

Tumaini akaanza upya. Chopa akiruka, alimgeuzia mgongo bila kusema neno. Akikaa, alimpa dagaa mmoja. Alisema "Kaa" kwa sauti ile ile, akarudi nyuma kidogo, kesho yake akarudi nyuma zaidi. Kuna siku Chopa alitafuna kamba ikakatika, na kuna siku Tumaini alilia. Lakini kila alfajiri aliamka mwenyewe kumtoa mbwa wake akiwa amemshika kamba. Upande wa pili wa ua palikuwa kimya. Bi Mosi alitoka hospitali akapelekwa moja kwa moja Kinole kwa binti yake, na Hamza akaenda naye. Mlangoni palibaki kufuli.

Likizo ya Juni baba alipiga simu Kinole kwamba wanakuja na Chopa, kesho yake akampakia Tumaini kwenye pikipiki, na Chopa ndani ya tenga nyuma yao, wakapanda mlima mpaka Kinole. Bi Mosi alikuwa ameketi barazani, amekonda, fimbo pembeni yake.

Tumaini alisimama ukingoni mwa uwanja. "Kaa," alisema.

Chopa alitetemeka mwili mzima, mkia ukifagia vumbi, lakini akakaa. Tumaini alimwacha pale, akaenda peke yake mpaka barazani.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikusamehe zamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea huruma. Nami nilikosea, jirani husema mapema." Bi Mosi alimshika mkono. "Ila shika hili. Ukifuga mnyama, raha yake ni yako na kazi yake ni yako. Kazi hiyo ukiikimbia, haipotei. Itamwangukia mtu mwingine, na pengine hutajua ni nani."

Kisha akaita, "Hamza, mpelekee yule mgeni maji."

Hamza alitoka na kigae kikubwa cha mtungi. "Bibi kamtengea tangu jana," alimnong'oneza Tumaini. "Mimi mwenyewe nanywea kikombe chenye ufa."

Bi Mosi alimsuka Tumaini taratibu, mikono ikipumzika kila mara. Wakati wa alasiri Hamza alimletea bibi yake birika atawadhe. Mfuniko ukalia, kli. Chopa aliinua masikio, akabaki pale pale alipoachwa. Tumaini aliinamisha uso machozi yasionekane.

"Utarudi lini Mafiga, Bibi?" aliuliza walipokuwa wakiaga.

Bi Mosi aliutazama mguu wake. "Huu hautashuka mlima tena, mwanangu."

Baba alikuwa ameshawasha pikipiki. Bi Mosi alinyoosha mkono, akampapasa Tumaini kichwani kama zamani.

"Basi njoo tena kabla nywele hazijafumuka," alisema. "Na yule aliyekaa pale, uje naye."