Mtego Hauvutwi Bila Mwenyewe

"Boti yangu iko wapi?"

Shangazi Ardith hakuinua macho kutoka kwenye pipa la chambo. Alisimama gatini na koleo lake, akichota heringi za chumvi, kimya kama mtu anayejua jambo na hataki liwe lake.

"Shangazi, nakuuliza."

"Mumeo kaondoka nayo saa kumi na moja alfajiri. Nikadhani mmekubaliana."

Hattie alitazama pale boti yake inapofungwa. Patupu. Boti aliachiwa na baba yake. Leseni ya kuvua kambakoche ina jina lake, na kila mtego ulio chini ya maji ya bandari ile ya Maine, Marekani, una namba yake na boya linaloelea juu kuuonyesha. Lyle, mumewe, ni msaidizi wa nyuma: anatia chambo, ananyanyua mitego, anapangiwa kazi. Sasa Hattie ana mimba ya miezi mitano, tumbo limeanza kugombana na ovaroli la mpira, na msaidizi kajipandisha cheo.

Simu ikatetemeka.

*"Mke wangu, leo pumzika. Nitavuta mitego mwenyewe. Supu ya chaza iko jikoni. Usinikasirikie. Nakupenda."*

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hawakumjua Lyle. Bandarini pale hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba mtego hauvutwi kama mwenye namba hayumo botini. Askari wa doria akikukuta, haulizi kama ni mitego ya mkeo. Kesi ni yako, na leseni ya mkeo inaingia matatani pamoja nawe. Mtu aliyezaliwa pale anafanyaje kosa kama hilo? Anafanya kwa mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo humfanya mwanamke atafute rungu.

Hattie akapiga simu.

"Lyle, umevuta mingapi?"

"Umekula kwanza?"

"Nimekuuliza mingapi."

"Bado. Ndiyo nafika kwenye boya la kwanza. Rudi kitandani, Hattie."

"Geuza boti."

"Sigeuzi. Ijumaa ulianguka mbele ya macho yangu."

"Sikuanguka, nilikaa chini. Kizunguzungu kilinipata kwa sababu nilitoka bila kula. Mkunga alilieleza hilo tangu mwanzo, nawe ulikuwepo, unachezea simu. Alisema nini mkunga?"

"Alisema upumzike."

"Alisema nisinyanyue vizito. Ninywe maji kabla ya kusikia kiu, nile kidogo kidogo, nisisimame kutwa nzima, na nikiona damu au nikisikia maumivu nirudi nchi kavu palepale. Ndiyo maana nimefunga kiti kwenye usukani. Hakusema niibiwe boti."

"Mimi ni mumeo, siyo mwizi."

"Basi geuza."

Simu ikakatwa. Hattie alitamani kuitupa baharini, ila ilikuwa mpya.

"Doria walikuwa hapa wanakunywa kahawa," Shangazi Ardith akasema polepole. "Wameelekea kisiwani."

"Kwenye mitego yangu?"

"Hukohuko. Panda kiboti changu." Akatoa mkate wenye yai kwenye mfuko wa koti. "Ila kula kwanza."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza kama una njaa."

Hattie alikula njia nzima, anatafuna kama anamtafuna mtu. Bahari ilikuwa shwari, afadhali. Walimkuta Lyle ameshalinasa boya la kwanza, kamba imezungushwa kwenye winchi ya kuvutia mitego, mkono wake uko kwenye swichi.

"Ondoa huo mkono!"

Lyle akageuka, mwekundu mpaka masikioni. "Shangazi, umemletaje huku kwenye kiboti na hali yake?"

"Usimsemeshe yeye, sema na mimi. Unataka nipoteze leseni?"

"Nataka mtoto wangu awe hai!"

"Na mimi nataka nini? Awe boya?"

"Hattie, hata kambakoche jike mwenye mayai tunamwonea huruma. Tunamkata alama mkiani, tunamrudisha, na kila mvuvi akiona ile alama hamchukui. Wewe mke wangu nisikuonee huruma?"

"Tunamrudisha wapi, Lyle?"

"Nini?"

"Huyo jike. Tunamrudisha wapi?"

"Majini."

"Majini, kwake, kwenye shughuli zake. Umeona wapi mvuvi akampeleka nyumbani akamfungia jikoni?"

"Akimpeleka jikoni," Shangazi Ardith akasema, "ni kwa ajili ya sufuria."

Mlio wa injini ukasikika nyuma ya kisiwa. Lyle akazungusha kamba kinyume, ikatoka kwenye winchi, boya likaanguka majini. Lilikuwa bado linayumba doria ilipojitokeza, ikapunguza mwendo.

"Mnavuta?" askari akauliza.

Hattie alimwachia mumewe ajibu. Alitaka kusikia.

"Bado," Lyle akajibu. "Namsubiri nahodha."

Askari alimtazama, akalitazama boya, akamtazama Hattie kwenye kiboti na tumbo lake. Akapunga mkono na kwenda zake.

Shangazi alishikilia ngazi, Lyle akamshika mkewe kwapani, na Hattie akapanda kwenye boti yake. Alipofika juu akautoa ule mkono.

"Mama alimpoteza dada yangu akiwa bado tumboni, kwenye kiwanda cha samaki," Lyle akasema, sauti imeshuka. "Nilikuwa na miaka saba. Kutwa amesimama kwenye saruji yenye maji, na hata chooni anaomba ruhusa. Ijumaa ulipokaa chini nilimwona Mama."

"Miaka sita ya ndoa ndiyo unaniambia leo?"

"Sikujua nianzie wapi."

"Ungeanzia na mdomo, badala ya kuanzia na boti yangu." Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hilo likamkasirisha zaidi. "Mama yako hakuwa na kiti, wala mtu wa kumnyanyulia, wala ruhusa ya kusema leo inatosha. Mimi ninavyo vyote. Usininyang'anye kwa jina lake."

Lyle akatikisa kichwa kukubali. "Nifanye nini?"

"Nyanyua mitego. Hiyo ndiyo kazi yako. Na mkunga akisema, simu mfukoni."

Hattie akakaa kwenye kiti chake, akashika usukani. Mtego wa kwanza ulipopanda, ndani yake mlikuwa na jike, tumbo limejaa mayai meusi. Lyle akamkata alama mkiani, akainama, akamshusha kwa mikono miwili mpaka maji yakamfika kwenye viwiko. Akakaa hivyo kitambo, mgongo wake ukitikisika.

Alipoinuka, alijifuta uso na bega, akafungua chupa ya maji na kumpa mkewe.

"Kunywa, nahodha."

Hattie akanywa nusu chupa bila kumtazama.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Mpaka Alhamisi."

"Alhamisi ni siku ya mkunga."

"Ndiyo. Utakaa kiti cha mbele, na utamweleza mwenyewe ulichofanya. Haya, boya la pili."