Kiu ya Kezia

Jumatatu ile Datius aliamka kama siku zote. Alianika buni uani, akazunguka kibanja kuweka nguzo kwenye migomba iliyoelemewa na mikungu, kisha akarudi kunawa. Ilikuwa Agosti ya mwaka themanini na nane, na ukungu mwepesi ulikuwa haujaondoka Kamachumu. Mkewe Klaudia alikuwa akimenya ndizi barazani. Hakuna kati yao aliyeitaja safari, ingawa shanta lilikuwa tayari mlangoni.

Lilikuwa shanta la jeshi, la turubai ya kijani, lenye mikanda miwili ya begani. Apolinary, kaka yake Datius, alirudi nalo kutoka vita vya Uganda. Sasa ndani yake mlikuwa na kanga mbili, gauni la kanisani, Biblia isiyo na jalada na sahani ya bati. Vyote vilikuwa vya Kezia, mke wa Apolinary. Kezia mwenyewe alikuwa na miezi mitano kaburini.

Kezia hakuwa Mhaya. Apolinary alimpata Iramba, huko Singida, kambi yake ilipohamishiwa upande ule baada ya vita. Wakaishi miaka sita bila mtoto, watu wakanong'ona. Apolinary alipoanza kukonda, wakanong'ona zaidi. Zilikuwa siku ambazo hapakupita juma bila kuzika. Mafundi mbao waliacha kutengeneza vitanda wakabaki na majeneza. Ugonjwa wenyewe, Ukimwi, watu waliuita Juliana. Datius aliupa jina jingine. Alisema ni uchawi. Alisema mwanamke yule wa nchi ya mawe amemla kaka yake na sasa anataka kula na kibanja cha marehemu.

Moyoni aliujua ukweli. Apolinary, siku nne kabla ya kufa, alimshika mkono mbele ya wazee wawili akamwambia Kezia asiondolewe kwenye kibanja chake. Na kibanja kile ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote kwenye mteremko ule.

Kezia naye alipolala asiweze kuinuka, Datius alimhamishia jiko la nje. Kisha akautoa mtungi wa maji kwa mikono yake mwenyewe na kuwatangazia wote waliokuwa uani.

"Atakayempa huyu maji, asije kunywa kwangu tena."

Siku tatu. Kezia hakupiga kelele. Aliomba tu, kwa sauti iliyokauka kidogo kidogo. Siku ya pili Datius alipita karibu na mlango, akamsikia.

"Shemeji, basi nirudisheni kwetu."

"Nani atakubeba?" alimjibu, akaenda zake shambani.

Siku ya tatu maombi yalikoma. Walipomgeuza ili wamvishe sanda, walimkuta na udongo kinywani. Ukuta wa jiko, pale chini unapopata unyevu, ulikuwa umelambwa hadi fito zikaonekana.

Haikupita arobaini, mambo yakaanza. Kila adhuhuri, jua likiwa utosini, mlango wa jiko lile tupu uligongwa kutoka ndani. Mara tatu, polepole. Kisha sauti ikasema, "Maji." Klaudia aliisikia. Karugendo, jirani yao, aliyekuja kuazima panga, aliisikia pia. Akaliacha panga chini na hakurudi kulichukua. Datius akalibomoa jiko. Kesho yake adhuhuri, mlango uliogongwa ulikuwa wa chumba chake cha kulala. Kutoka ndani.

Ndipo alipokwenda Kanazi kwa mganga mmoja mzee, Buberwa. Mzee huyo alimsikiliza hadi mwisho, akamrudishia mbuzi aliyemletea.

"Sina dawa ya hili. Vitu vyake vipeleke kwao. Usimtume mtu. Vibebe wewe, mgongoni, na usivitue njiani."

"Waitu, mzee wangu, nikivifikisha ataniacha?"

Buberwa alitazama pembeni.

"Atafika kwao," alisema.

Hivyo Datius alipanda meli bandarini Kemondo akavuka hadi Mwanza, na kule akaingia kwenye basi la Singida. Alikaa kiupande kwenye kiti chake, shanta mgongoni, na konda alipomwambia alitupe juu na mizigo mingine alikataa.

Walipoipita Igunga, nchi ilibadilika. Datius hakuwahi kuona ardhi isiyo na mgomba hata mmoja. Mbuga ya Wembere ilikuwa imepasuka vipande vipande kama chungu kilichoungua. Mito ilikuwa mchanga mtupu, na katikati ya mchanga wanawake walipiga magoti wakichimba kwa mikono. Mbele yao milima ilisimama mikavu, mawe juu ya mawe, na migunga isiyo na jani. Vumbi liliingia madirishani likakaa kwenye kope za watu. Datius alifungua galoni yake ya maji, akanywa, akaifunga.

Ng'ambo ya njia ya katikati alikaa bibi mmoja Msukuma aliyepanda Nzega na kapu la karanga. Jina lake Minza. Alikuwa amekwisha kumweleza habari za wajukuu wake wote. Sasa aliinama kwa Datius akasema kwa upole:

"Mwanangu, usinywe peke yako. Mpe na mkeo. Midomo imempasuka mno."

"Sikusafiri na mke wangu, bibi."

Minza alitazama nyuma ya bega la Datius. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kapu lake, akainuka, akaenda kusimama mbele karibu na dereva, ingawa kiti chake kilibaki wazi.

Hakuna aliyekikalia.

Chini ya mlima Sekenke basi lilianza kutoa mvuke. Dereva alisimama, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Limechemka. Shukeni mpande kwa miguu. Nitawapakia juu."

Abiria waliacha mizigo ndani, wakaanza kupanda kwa makundi. Datius alimuuliza konda kijiji cha mzee Lameki, baba yake Kezia. Konda akamwonyesha kwa kidole: juu kabisa ya mlima, kisha njia ya mkono wa kulia, si mbali. Datius akakaza mikanda. Ilikuwa inakaribia saa sita.

Kona ya kwanza aliimaliza vizuri. Kona ya pili mikanda ikaanza kumkata mabegani. Akajiambia ni uchovu, hakulala vizuri melini. Kona ya tatu ilimbidi ainame kama mtu aliyebeba gunia la kahawa. Jua lilikuwa limefika utosini. Aliangalia chini, pale miguu yake inapokanyaga, akaona kivuli chake kifupi juu ya changarawe.

Kivuli kilikuwa kimoja. Kilikuwa na vichwa viwili.

Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Aliongeza mwendo, na kadiri alivyokwenda ndivyo kitu kile kilivyojisogeza juu mgongoni mwake, kama mgonjwa anayejiweka sawa asianguke. Mikono miwili ikapita mabegani mwake ikafungana kifuani. Ilikuwa mikavu kama maganda ya mgomba.

"Maji," ilisema sauti sikioni mwake.

Datius alishika galoni. Ilikuwa bado nzito, aliijaza Igunga. Koo lake lilikuwa limekauka ghafla, ulimi umekuwa kama kipande cha gogo. Akaiinua, akaikaza midomoni.

Akasikia mtu akimeza.

Funda moja. La pili. La tatu. Sauti ilitoka nyuma ya shingo yake. Kinywani mwake halikuingia tone. Galoni ilizidi kuwa nyepesi hadi ikawa plastiki tupu mkononi.

"Shemeji," alinong'ona Datius, "nisamehe."

Mikono haikulegea.

Alivuta mikanda. Haikutoka. Aliivuta hadi kucha zikavunjika, akajipigiza mgongo kwenye mwamba. Haikutoka. Juu yake, kwenye kona ya mbele, abiria walikuwa wamesimama wakitazama. Datius aliinua mkono kuwaita. Bibi Minza alijifunika uso kwa kanga. Mmoja mmoja waligeuka wakaendelea kupanda. Basi liliponguruma likampita baadaye kidogo, halikupunguza mwendo.

Alifika kwa Lameki akitambaa.

Nyumba ilikuwa tembe la udongo mwekundu, limebanwa kati ya majabali mawili. Lameki alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mkavu kama nchi yake. Alikaa kivulini akisuka kamba. Hakuwa amepata barua yoyote kwamba binti yake amekufa.

"Shikamoo mzee," alisema Datius kwa shida.

Lameki aliinua uso. Alikuwa akitazama juu kidogo ya bega lake. Kamba ilimdondoka.

"Umefika, mama," alisema taratibu. "Njia ilikuwa ndefu."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo na kata. Akachota, akapitisha kata juu ya bega la Datius. Datius, magoti chini, alisikia maji yakimezwa kwa pupa. Lameki alichota tena. Na tena. Alichota hadi kata ikakaribia kugonga kitako cha ndoo. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini mkono wake haukutikisika.

Kisha akachuchumaa mbele ya Datius.

"Aliugua?"

"Aliugua, mzee."

"Na maji aliomba siku ngapi?"

Datius alitaka kudanganya. Mikono iliyofungana kifuani pake ilibana.

"Tatu."

"Huko kwenu hakuna maji?"

"Kijito kiko mwisho wa kibanja."

Lameki aliitazama ndoo. Mbuzi mmoja alilia mbali kwenye mawe.

"Sisi tunatoka alfajiri kwenda kuchimba mchangani," alisema hatimaye. "Tunarudi saa nne na ndoo moja. Na hakuna aliyewahi kupita mlango huu akanyimwa. Hata wewe sikunyimi."

Akachota, akamwekea Datius kata mikononi. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, nayo yalinukia vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kunusa. Akainamisha uso.

Kata ilikuwa kavu. Kavu na ya moto, kama imetolewa jikoni.

Lameki aliona. Akachota tena. Kata ikakauka kabla haijagusa mdomo. Akachota mara ya tatu, na safari hii aliishika yeye mwenyewe, akamtazama yule aliyekuwa mgongoni.

"Kezia, mama. Mimi baba yako nakuomba. Mwachie hata funda hili."

Hapakuwa na upepo. Maji yalishuka ndani ya kata machoni pao wote wawili, polepole, bila haraka yoyote, hadi yakaisha.

"Amekataa," alinong'ona Lameki.

Mikanda ikalegea yenyewe. Shanta lilianguka chini bila kishindo. Vifungo vyake vyote vilikuwa vimefungwa kama Datius alivyovifunga Kamachumu. Lameki alivifungua. Ndani hamkuwa na kanga, wala gauni, wala Biblia, wala sahani.

Datius alirudi Kamachumu baada ya siku tano, amekonda hata Klaudia hakumtambua njiani. Alimsimulia mkewe yote, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Uji aliweza kuula ukiwa mzito kama ugali, lakini maji hayakumfika. Aliingia kijitoni hadi shingoni akafungua kinywa, na akatoka midomo imekauka. Klaudia alijaribu kumnywesha kwa kijiko; kijiko kilikauka. Wakampeleka hospitali. Muuguzi alimtundikia chupa ya dripu, na chupa ikaisha kwa dakika chache. Mpira haukuwa umetoboka, godoro halikuwa limelowa, na mshipa wa mgonjwa ulikuwa umenywea vilevile. Akaitundika ya pili. Ya tatu hakuileta.

Datius alikufa siku tatu baadaye, mchana, mvua ya kwanza ya vuli ikipiga bati juu yake. Neno lake la mwisho watu waliokuwepo hawalitaji.

Walimzika kibanjani. Klaudia hakuwa mwanamke wa kuamini kila kitu, na alikuwa na lake la kujutia, kwa kuwa naye alikuwepo uani siku mtungi ulipotolewa na hakusema kitu. Kwa hiyo kila jioni alipeleka kibuyu cha maji juu ya kaburi la mumewe, akakiweka palipo na kichwa, akakiziba kwa jani la mgomba.

Kila asubuhi alikikuta palepale alipokiweka, kimesimama wima, jani mdomoni pake, halijaguswa. Ndani hakina tone. Juu ya kaburi udongo ulikuwa vumbi.

Lakini shubiri moja tu pembeni mwa kaburi, upande wa kichwa, ardhi ilikuwa imelowa chapachapa, kama vile kuna mtu aliyeyamimina maji pale taratibu, karibu kabisa, ili aliyelala chini ayasikie.