Fundi Rula na Nondo za Dirisha

Kila asubuhi mzee alifungua kibanda, akapangusa cherehani na kuitia mafuta. Watu walimwita Fundi Rula, maana pindo lake lilinyooka kama mstari wa rula. Tangu mkewe afariki, alifanya kazi na binti yake, aliyepiga pasi na kutia vifungo.

Fundi alikuwa na mazoea. Akikagua mshono, alifumba jicho la kulia na kutazama kwa la kushoto. Siku hizi kila mshono aliukuta umepinda. Basi aliufumua, akaunyoosha.

"Cherehani imekuwa kaidi," alisema.

"Cherehani au mwenyewe?" binti yake alimtania.

"Uzi wenyewe takataka. Wakubwa wanaruhusu kila uchafu uingie sokoni."

Jioni jirani yao, muuguzi wa macho, alifuata sare yake. Akaitandaza mezani.

"Baba, pindo hili linakwenda kama nyoka."

"Usinitanie, mwanangu. Lilikuwa limepinda, nikalinyoosha mwenyewe."

Muuguzi hakucheka. "Funika jicho la kushoto. Tazama nondo za dirisha."

"Zimenyooka."

"Sasa funika la kulia."

Fundi akafunika. Nondo zilijikunja, na katikati palikuwa na doa la kijivu.

"Kumbe cherehani nimeisingizia," alisema polepole.

"Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha," muuguzi alieleza. "Uzeeni, mishipa mibovu ya damu inaweza kuota hapo ikavuja. Utando ukivimba, mistari inapinda. Miwani haitibu hilo. Iko sindano ya kuzuia kuvuja. Ukichelewa, kovu linabaki, na jicho hilo halitaona tena katikati. Kesho twende, daktari akupime."

"Sindano ndani ya jicho? Bora niuze cherehani."

"Usipokwenda utaiuza kweli," binti yake alisema.

Maneno hayo yalimchoma kabla ya sindano. Akaenda.

Daktari alimpima, akakuta ni ugonjwa huo huo. Kwenye foleni ya sindano Fundi alinung'unika: "Ukuta mzima mabango, hakuna hata moja linalosema tufunike jicho moja moja. Wakubwa wanangoja tupofuke kwanza."

"Hapo hujakosea, Baba," muuguzi alijibu.

Ndani, walimtia matone ya ganzi, wakasafisha jicho. Fundi alikaza meno. Alihisi kitu kikisukuma kidogo tu.

"Bado?" aliuliza.

"Tumemaliza, mzee," daktari alijibu. "Jicho likiuma sana, likiwa jekundu zaidi au kuona kukipungua, rudi siku hiyo hiyo. La sivyo, tuonane mwezi ujao kwa sindano nyingine."

Baada ya sindano ya pili, nondo zilianza kunyooka. "Nimepona," Fundi alisema. "Mwezi huu siendi."

"Baba, umewahi kumpa mteja suruali yenye mguu mmoja?" binti yake alimuuliza.

Fundi alichukua kofia yake, wakaenda. Aliendelea kwenda kila daktari alipomwita.

Doa dogo lilibaki, lakini mstari ulirudi kunyooka. Alifumua pindo la muuguzi, akalishona upya.

"Asante, mwanangu," alimwambia akimkabidhi sare. "Ningekuwa nimekaa gizani, nalaumu uzi."

Sasa kila mteja mwenye mvi huambiwa kwanza afunike jicho moja, atazame dirisha, kisha abadilishe.

"Fundi, nimekuja kupimwa kiuno au macho?" mmoja aliuliza.

"Vyote. Kiuno kitangoja."