Idhini ya Mhojiwa wa Pili

Msichana wa mapokezi alimpa Daktari vitambulisho viwili. Kimoja kilikuwa na jina lake na cheo chake. Cha pili kilikuwa cheupe, hakina hata doa la wino.

"Hiki cha nani?"

"Chenu, Daktari. Mmesajiliwa wawili."

"Nimekuja peke yangu, binti."

"Basi mwenzako yuko njiani," alisema, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Daktari alicheka, akakitia kile cheupe mfukoni mwa koti, akaingia ukumbini. Kongamano la taaluma ya dini lilikuwa limejaa, na watu walikuwa wamekwisha kujigawa kama kawaida yao: wapenda nadharia mbele, wapenda chai karibu na mlango.

Nyumbani kwao aliitwa Kifungo, kwa sababu utotoni alimeza kifungo cha koti la mteja, na dada yake akashinda kutwa nzima akikisubiri kitoke. Dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Ada zake zote zilipita chini ya sindano ile. Hata koti alilovaa siku hiyo lilikuwa mshono wake. Kazini hakuna aliyelijua jina la Kifungo, wala aliyemjua dada.

Dada alikuwa na jini. Jini huyo alimpanda dada wakati Kifungo angali shule ya msingi. Jini akija, dada alikaa kwenye cherehani akakanyaga bila uzi wala kitambaa, sindano ikitoboa hewa, mpaka nyayo zikatoka malengelenge na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Mganga aliyeitwa alishindwa kumtoa, akaweza tu kupatana naye. Jini atatulia ndani ya dada, mradi asitajwe mbele za watu. Akitajwa, atamhama dada na kumfuata aliyemtaja. Kifungo alishika mkono wa dada yake, akawa shahidi, akaapa kufunga mdomo. Tangu hapo dada hakupiga kelele tena. Alikuwa hapati usingizi tu, miguu ikicheza chini ya shuka.

Hakuwa mtu mbaya, huyu Kifungo. Alisoma, na elimu ikamwonyesha kuwa jini ni namna ya wanyonge kusema wasichothubutu kukisema kwa vinywa vyao. Ni maelezo mazuri, na huenda yana ukweli wake. Lakini nadharia hutaka mfano, na yeye mfano alikuwa nao mmoja tu. Bila mada hii aliyokuja kuitoa asingepandishwa cheo, na wenzake aliosoma nao walikuwa wamekwisha kumpita.

Alipangiwa kipindi cha baada ya chakula, saa ambayo hata wenye imani thabiti husinzia. Alipopanda jukwaani alisikia, mbali, chini ya sakafu, kitu kikikanyagwa kwa mwendo mmoja. Alidhani ni mashine ya hewa.

Mada ilikwenda vizuri. Daktari alimwita dada yake "Bi Uzi", akaeleza malengelenge, akaeleza mapatano. Kisha akaonyesha ukutani maneno ya jini mwenyewe, aliyoyanasa kwa simu kinywani mwa dada mwaka uliopita, alipokuwa hoi kwa homa. Watu wakaacha kusinzia.

Ukafika wakati wa maswali. Mzee mmoja waliyemwita Babu Nadharia alisimama wa kwanza. "Mimi sina swali, nina mchango," alisema, na ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa kukata tamaa. Alipokaa hatimaye, mwenyekiti wa kikao, mama mwenye miwani ya kusomea, aliuliza kwa upole:

"Daktari, huyu Bi Uzi aliridhia hadithi yake isimuliwe?"

"Aliridhia, mwenyekiti. Idhini ninayo."

Sauti ile ya chini ya sakafu ikakoma ghafla.

Nyuma kabisa mwanamke alinyanyua mkono. Alikuwa amevaa kitambulisho cheupe. Daktari alipapasa mfuko wa koti, ulikuwa mtupu.

"Swali langu ni dogo," mwanamke alisema, na sauti yake ilifika mbele bila kipaza sauti. "Wahojiwa wako walikuwa wawili. Umenukuu maneno ya yule aliyempanda dada. Yeye ulimwomba idhini?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka. "Huyo, mama, ningempata wapi? Hana anwani."

"Sasa anayo, Kifungo."

Alitaka kumuuliza jina lile alilipata wapi, lakini kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imekwisha kumjaa puani na kooni, na kitu kama kidole chembamba cha baridi kilikuwa kinapanda uti wa mgongo pingili kwa pingili, bila haraka, kama mpangaji anayekagua vyumba kabla ya kuhamia, mpaka kikafika nyuma ya ulimi, kikakaa.

"Nashukuru, mwenyekiti," mdomo wake ulisema. "Nitajikita katika mfano mmoja wa ziada. Mhojiwa wangu ni mwanamume msomi. Jina nalihifadhi ili kulinda utu wake."

Aliisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ya kitaalamu, ikieleza jinsi mhojiwa alivyolelewa kwa sindano ya dada yake, na jinsi siku ya harusi yake wakwe walipouliza yule mwanamke aliyesimama pembeni ni nani, mhojiwa alijibu kuwa ni fundi aliyeleta nguo, na dada alisikia, akainama akajifanya anakata uzi wa shela ya bibi harusi. Alijaribu kuuma ulimi lakini meno hayakuwa yake, alijaribu kuita mwenyekiti lakini macho tu ndiyo yaliyobaki naye, na mdomo uliendelea kueleza kuwa idhini haikuombwa wala kufikiriwa, kuwa mhojiwa alisimama mlangoni na simu mkononi huku dada akitetemeka kwa homa akiomba maji, na kuwa maji hayo hakuyaleta mpaka alipomaliza kurekodi.

"Hitimisho," mdomo ulisema. "Mhojiwa huyu hana jini. Ana aibu, na aibu, kama tulivyoona, ni lugha tu. Ahsanteni."

Babu Nadharia akainuka akipiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata.

"Mtafiti kujichambua mwenyewe jukwaani!" mzee alisema, akimshika bega. "Hii mbinu sijapata kuiona. Lazima tuichapishe, kijana wangu. Cheo chako kimo humu!"

Daktari alimtazama kwa macho yaliyokuwa yanaomba msaada. Mzee aliona machozi, akadhani ni shukrani.

Ulimi ulirudishwa kwake alipokuwa peke yake kwenye korido, ameketi kwenye benchi, jua la alasiri likipita kwenye madirisha. Alipiga simu nyumbani. Dada alipokea akipiga miayo.

"Dada, nimekosa. Nimemtaja."

"Najua, mdogo wangu. Nimelala mchana huu. Nimelala kama mtoto mchanga, nimeamka shuka imetulia."

"Mwite arudi, Dada. Nakuomba. Wewe na yeye mmezoeana."

Dada alipiga mwayo mwingine.

"Nilimbeba miaka yote nisiseme kitu," alisema. "Umesema wewe. Sasa beba." Kisha, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwambia zamani avae sweta: "Kifungo, unakanyaga nini huko?"

"Sikanyagi kitu."

"Nasikia."

Alitazama chini. Miguu yake ilikuwa inapanda na kushuka juu ya sakafu, kisigino na vidole, kisigino na vidole, na soli za viatu zilikuwa zimekwisha kulika.

"Usimkatize," dada alisema. "Mwache amalize mshono. Ukimkatiza, huanza upya."