Kisanduku Kilichokwisha

Kila Jumamosi asubuhi Bisibisi alikuwa wa kwanza kuamka. Alifagia, akaosha vyombo, akakunja nguo za wateja wa mama yake, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshafika kwenye karakana ya shangazi yake. Jina la Bisibisi hakupewa na wazazi. Majirani ndio waliompachika, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita hakuna kitu chenye skrubu kilichobaki salama mbele yake. Saa ya ukutani aliifungua. Tochi ya baba aliifungua. Siku moja alifungua kitasa cha choo akiwa ndani, akashindwa kukirudisha, ikabidi mlango uvunjwe ndipo atoke. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limeshamganda.

Shangazi yake alikuwa fundi wa redio, pasi, feni na chochote kinachotumia umeme, na mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati na meza ndefu iliyojaa redio zilizo matumbo wazi. Chini ya meza palikaa gunia la vitu visivyotengenezeka tena. Hivyo ndivyo alivyoachiwa Bisibisi avivunje: skrubu kwenye kopo, waya kwenye ndoo, spika kando. Vilivyobaki alimpelekea mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa wa pili, aliyeitwa Mizani kwa sababu hakununua hata msumari bila kuupima. Fundi alimkataza kabisa kuchoma waya ili kupata shaba, maana moshi wake ni sumu, na kila Jumamosi alimkagua viganja kama havijakatwa na bati.

Mama yake Bisibisi, fundi cherehani, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Mtoto alirudi na grisi mpaka kwenye kope. Mara mbili alishika gauni la mteja na kuliachia alama za vidole. Tena maksi zake za hesabu zilikuwa zinateremka. Jumatatu ya wiki hiyo mama alikata shauri. Mkebe wa hesabu wa Bisibisi ulikuwa hauna bikari na rula yake imevunjika. Basi kama kweli kuvunja makorokoro kuna faida, aununue mkebe mpya kwa jasho lake ifikapo Jumamosi jioni. Akishindwa, karakana aisahau mpaka amalize shule.

Wiki nzima Bisibisi hakutulia. Kila akitoka shule alikwenda kukaa na gunia lile. Lakini kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyojigamba. Redio moja ilimla saa nzima, ikamwachia waya wa kujaza kiganja na skrubu zenye kutu. Rimoti nne hazikumpa kitu. Kufika Jumamosi alikuwa amebakiza kidogo tu kufikia bei ya mkebe, lakini kidogo hicho kilimkosesha usingizi. Alihitaji mota moja. Mizani alipenda mota, kwa sababu tumboni zimejaa shaba.

Saa nne asubuhi, akichungulia chini ya meza, aliona kisanduku cheupe cha plastiki kimekaa ubavuni mwa gunia. Kilikuwa kimegeuka rangi kwa uzee, hakina hata jina. Alikiinua. Kilikuwa kizito, na uzito ule aliujua: ulikuwa wa mota.

Fundi alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, anabishana na mteja huku analehemu. Bisibisi akamwonyesha.

"Shangazi, na hiki cheupe?"

Fundi alitupa jicho mara moja. "Hicho kimekwisha," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Sasa hebu tusimame hapo. Mtihani umekwisha, maana yake umemalizwa. Betri imekwisha, maana yake haifai kitu. Neno ni lile lile moja, na Bisibisi alichukua maana ile aliyoihitaji.

Alikwenda nacho uani, akakifungua. Skrubu zilitoka bila kulia, kama zilizofungwa jana. Ndani hamkuwa na vumbi. Waya mmoja mwekundu uling'aa kwa upya, na risasi ya kulehemu iliyoushika ilikuwa bado inametameta. Jamani, kitu kilichokufa hakiwi hivyo, na Bisibisi alijua. Moyo ulimwambia rudi ukaulize tena. Akauambia moyo unyamaze, kwa kuwa shangazi ameshasema. Akakata waya mwekundu karibu kabisa na mota, akang'oa mota, plastiki akaitupa kwenye ndoo, akafagia vipande. Saa sita mota ilikuwa kwa Mizani na pesa ya mkebe ilikuwa mfukoni.

Alirudi anapiga mluzi. Mluzi ulimkatikia mlangoni, maana alimkuta Fundi amepiga magoti, anasogeza maboksi.

"Umekiona kisanduku cheupe?" Fundi aliuliza bila kuinua kichwa. "Bibi muuza mboga anakifuata saa kumi. Ndiyo ile mashine ya mjukuu wake mwenye pumu, inayogeuza dawa kuwa mvuke avute. Nilikimaliza jana, nikakiweka hapa chini kwa sababu mezani hakuna nafasi."

Bisibisi alimjua yule mtoto. Alikuwa na miaka minne, na kifua kikimbana alikaa kizingitini ameinua mabega, hachezi, hasemi, anatafuta pumzi tu. Bisibisi alifungua mdomo aseme, lakini kilichotoka ni, "Sijakiona." Aliyasikia maneno yake mwenyewe akashangaa yalivyotoka upesi.

Basi alianza kutafuta naye. Mtu anayejua kitu kilipo anaweza kutafuta kwa bidii ya ajabu. Alipekua rafu, akapekua nyuma ya mlango, akapekua hata ndani ya feni, na kila alipoinama pesa zilimgusa paja. Fundi alijilaumu kwa sauti ya chini, kwamba angekiweka juu, kwamba angekipeleka mwenyewe asubuhi. Alieleza pia kwamba bibi alikuwa amempigia simu. Mtoto ameamka anakohoa, na mashine ya kuazima waliyokuwa wanatumia mwenyewe ameshaichukua. Saa saba ikapita. Saa nane ikaingia.

Kisha Fundi akasimama ghafla. Akakumbuka kwamba asubuhi fundi viatu wa jirani aliingia kuchaji simu na akakaa peke yake kwa dakika chache, Fundi alipokwenda kuchota maji. Akatoka nje. Bisibisi alimfuata.

Fundi viatu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye utani mwingi. Alipoulizwa mara ya kwanza alicheka, akasema yeye kisanduku pekee anachokijua ni cha rangi ya viatu. Fundi hakucheka. Alimuuliza tena, safari hii kwa sauti kavu, na wapita njia wakaanza kupunguza mwendo. Mzee wa watu akaweka chini kiatu alichokuwa anashona. Uso ulimbadilika. Alisema taratibu kwamba wamekuwa majirani miaka tisa, na kwamba kama Fundi anataka kumpekua, ampekue hapo hapo, mbele za watu. Akaanza kutoa mifuko yake nje.

Bisibisi aliona mifuko ile mitupu ikining'inia, akamshika shangazi yake mkono.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Nimekivunja. Mota nimeiuza kwa Mizani."

Fundi alimtazama kwa muda ambao Bisibisi aliuona mrefu kuliko wiki nzima. Hakumpiga, hakumfokea. Alimgeukia fundi viatu, akamwomba radhi kwa mikono miwili, akasema atarudi amwombe vizuri zaidi. Halafu akamshika Bisibisi kiwiko na kumuuliza jambo moja tu.

"Mizani aliivunja mbele yako?"

"Hapana. Aliitupa kwenye beseni."

"Twende."

Walikwenda mbio, Fundi na aproni yake, watu wanawapisha. Njiani Bisibisi alilia bila sauti. Alijua ratiba ya Mizani kama alivyojua ratiba ya shule: asubuhi hununua, mchana hukaa na nyundo kupasua mota atoe shaba. Kabla hawajakata kona waliisikia nyundo yenyewe. Ko. Ko. Ko.

Mizani alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu imezungukwa na vipande vya chuma. Fundi alimwomba asimamishe mkono. Mizani akataka kutania, lakini alipoona nyuso zao utani ukamwisha, akasogeza beseni. Ndani mlikuwa na mota sita. Tatu zilikuwa zimeshapasuliwa, shaba imetolewa nje.

"Ulikata waya wangu wapi?" Fundi akauliza.

"Karibu na mota. Kilibaki kipande kidogo chekundu."

Wakazigeuza. Ya kwanza haikuwa na wekundu wowote. Ya pili ilikuwa na waya wa bluu. Bisibisi alikuwa hathubutu kushika ya tatu. Fundi aliishika yeye, akaipangusa kwa aproni, na pale chini ya grisi kikatokeza kipande cha waya mwekundu, kifupi kama ukucha. Fundi akaachia pumzi. Bisibisi akatoa pesa zote mfukoni na kuziweka kwenye kigoda kabla hajaambiwa. Mizani alizichukua, akaipa nyundo kisogo, akasema mota hiyo ilikuwa ndiyo inayofuata.

Kurudi karakana ilikuwa saa tisa na robo. Fundi alilehemu waya mpya huku Bisibisi akipanga vipande kwa utaratibu alivyovitoa, na hapo angalau kichwa chake kilimsaidia: alikumbuka kila skrubu ilikotoka. Lakini kilikosekana kipira kidogo cheusi, kiduchu kama punje ya dengu, kinachozuia hewa isirudi nyuma. Bila hicho mashine ingenguruma bure. Bisibisi alimwaga taka za uani zote, akachambua kwa vidole, vumbi likimwingia machoni.

Bado alikuwa amepiga magoti pale bibi muuza mboga alipoingia, amembeba mjukuu mgongoni. Pumzi ya mtoto ilisikika tangu mlangoni, nyembamba, yenye mluzi.

"Shikamoo, bibi," alisema Bisibisi.

"Marahaba, mwanangu. Kiko tayari?"

Fundi aliendelea na kazi yake. Bisibisi akaelewa kwamba jibu ni lake.

"Kilikuwa tayari, bibi. Mimi nimekivunja nikauza mota yake. Tumeirudisha, lakini kuna kipira natafuta. Nisamehe."

Bibi alimtazama. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Badala yake alimteremsha mtoto, akainama kwa taabu, magoti yakilia, akaanza kuchambua taka naye. "Kina rangi gani?" ndilo neno pekee alilosema, na Bisibisi angependa zaidi kutukanwa.

Kilipatikana kwenye nyuzi za ufagio. Fundi alikipachika kwa kibanio, akafunga skrubu nne, akachomeka. Mashine ikanguruma. Bibi akatoa mfukoni kibomba na kifuniko cha uso alivyokuja navyo, akatia dawa, akamvisha mtoto pale pale juu ya kigoda cha Fundi. Mvuke mweupe ukatoka. Dakika kumi zikapita. Bisibisi aliangalia yale mabega madogo yaliyoinuka, akayaona yanashuka, kidogo, kidogo tena, mpaka mtoto akaanza kuchezea waya.

Bibi alipoondoka, Fundi alizima kifaa cha kulehemu na kumwita Bisibisi akae.

"Kosa moja ni langu," alisema. "Nilikujibu ovyo, na niliweka kizima karibu na vibovu. Kuanzia leo kilichotengenezwa kinakaa rafu ya juu. Lakini niambie wewe. Ulipofungua ndani, uliona nini?"

"Niliona waya mpya, shangazi."

"Basi kwa nini hukurudi kuniuliza?"

Bisibisi akaokota kipande cha waya sakafuni.

"Hukurudi kwa sababu ulijua nitakachokujibu," Fundi alisema. "Kila siku unaniuliza kama kazi hii ina faida. Inayo. Kitu kilichokufa ukikivunja kwa uangalifu, unapata shaba, na bado watu wanapumua. Lakini mtu akiona dalili kwamba kitu ni kizima, akafumba macho kwa sababu ya faida, huyo si fundi, hata awe na mikono myepesi namna gani. Na jambo la mwisho. Saa sita ulikuwa unajua. Ulisema saa nane, baada ya kuacha jirani yangu avuliwe heshima barabarani. Ungengoja hadi saa kumi, nyundo ingetutangulia."

Bisibisi alikwenda kwanza kwa fundi viatu, akamwomba radhi amesimama wima, mbele ya wateja wake. Mzee aliitikia kwa kichwa bila utani. Kisha akaenda nyumbani, mfuko mtupu, akamweleza mama yake yote tangu mwanzo, hata ile "sijakiona". Mama alisimamisha cherehani. Aliuliza mtoto anaendeleaje, akaambiwa anapumua. Akasema kwamba maneno yake ya Jumatatu hayabadiliki: karakana basi, mpaka amalize shule.

Bisibisi alisema, "Sawa, mama," akaenda kunawa mikono.