Kidole cha Jalada la Thelathini na Moja

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne, mhakiki aliweka picha mbili kandokando kwenye skrini, akajua kuna mtu amedanganya.

Picha ya kulia ilikuwa mbichi, ya asubuhi hiyohiyo. Ilipigwa kwenye mkono wa kushoto wa fundi cherehani aliyekuwa amekaa kwenye benchi huko nje, kidole chake cha kati kimefungwa bendeji. Vile vishipa vidogo vya damu vilivyo pembeni mwa ukucha, ambavyo kwa mtu mwenye afya hujipanga kama meno ya kitana, kwake vilikuwa vimevimba na vingine vimetoweka kabisa. Picha ya kushoto ilitoka kwenye jalada lake, namba thelathini na moja, ya miezi mitano iliyopita. Vishipa vimejaa na kunyooka, isipokuwa kimoja kilichojikunja kama ndoano juu ya kovu jembamba. Chini yake neno moja tu: Kawaida.

Kwa neno hilo fundi, alipofuata majibu, alirudishwa nyumbani bila dawa. Sasa ncha ya kidole anachosukumia sindano ilikuwa inaoza, na daktari hakuweza kumwahidi kwamba kitabaki.

Mhakiki hakuwa polisi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kliniki nane zinazotafiti magonjwa ya viungo zinaandika ripoti za vishipa hivyo kwa namna moja. Kazi ya fomu, kwa kifupi, ambayo watu huipigia miayo. Alikuwa na tabia ya kusugua kidole chake cha pete akifikiri, kile kilichobanwa na mlango akiwa darasa la pili, na asubuhi hiyo alikisugua mpaka kikawa chekundu.

"Ugonjwa hubadilika," alisema daktari, aliyeandika lile neno kwa mkono wake. "Miezi mitano si mchezo."

"Vishipa hubadilika, daktari. Kovu haliondoki hivi hivi."

"Basi ni kidole kingine. Ripoti haisemi ni kipi."

"Haisemi. Wala haisemi picha ilikuzwa mara ngapi, wala kama mgonjwa alipumzika kwanza mikono ipate joto."

"Fomu yenu haiulizi," alisema daktari.

Mhakiki alimwita fundi ndani, akapiga picha vidole vyake vyote vinane, vidole gumba vikiachwa kama ilivyo desturi ya kazi, vyote kwa ukuzaji uleule wa mara mia mbili. Hapakuwa na kovu wala ndoano.

Saa tano alifungua kumbukumbu za kompyuta. Picha ya jaladani ilihifadhiwa saa saba na dakika kumi mchana. Alishuka kwa mlinzi, akafunua kitabu cha wageni. Siku hiyo fundi aliingia saa tatu na kutoka saa tano kasoro dakika tano. Picha yake iliwekwa saa mbili na zaidi baada ya yeye kwenda zake.

Alianza na nesi. "Sista, chumba cha mashine kina funguo ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya daktari."

"Siku ile saa saba ulikuwa wapi?"

"Nakula, na ufunguo uko mfukoni. Usinitolee macho, dada, hata wapelelezi hula." Kisha akapunguza sauti. "Ila siku ile ndiyo orodha ya wagonjwa wa utafiti ilikuwa inafungwa. Daktari alitaka watu arobaini kabla ya jioni. Alikuwa hashikiki."

Daktari aliulizwa kuhusu ufunguo, akapandisha mabega. "Nilimwazima mtu. Au sikumwazima. Mama, unaniuliza mambo ya miezi mitano."

Wa mwisho alikuwa mpiga picha, bwana mwenye kipara na miwani mizito, ambaye jengo zima lilimwita Lenzi. "Mimi nilipiga picha yangu asubuhi," alisema huku akifuta miwani isiyo na vumbi. "Yaliyotokea mchana siyajui."

Saa nane kamili mhakiki aliwakusanya chumba cha mashine. Akawaketisha robo saa, mikono ipate joto. Kisha akasema kila mmoja aweke vidole vyake chini ya lenzi, mmojammoja.

Daktari hakuwa na kovu. Nesi naye hakuwa nalo. Lenzi aliweka yake, navyo vishipa vyake vikatokea vimenyooka, havina lawama.

"Umebaki wewe, dada," alisema nesi, akicheka kidogo.

Mhakiki aliweka kidole chake cha pete. Kwenye skrini ikatokea ndoano, na kovu chini yake. Nesi akaacha kucheka.

"Nimejua tangu saa nne na robo," alisema mhakiki. "Nimewaacha ninyi mtangulie nikiomba niwe nimekosea. Picha hii ilipigwa mwaka jana, nilipokuja kumfundisha Lenzi mashine. Tulikuwa wawili tu humu. Haikupewa jina wala namba, na nakala pekee ilibaki kwenye flashi yake."

Lenzi alivua miwani. "Watu kumi walikuwa kwenye foleni. Sikumpumzisha. Mikono yake ilikuwa barafu, na picha zote zikawa ukungu. Nilipokuja kuziona, ameshaondoka, na daktari ananihesabia dakika. Nikamwomba ufunguo. Nikajiambia, wiki ijayo nitamwita, nibadilishe."

"Ukamwita?"

"Nilisahau." Akairudisha miwani usoni. "Hapana. Niliogopa."

"Mtu anapoteza kidole," alisema daktari kwa ukali.

"Na wewe ulitaka watu arobaini," Lenzi alimjibu bila kuinua macho. Akamgeukia mhakiki. "Nilisoma ile fomu mara mbili. Kama ingeniuliza kidole gani, ningeshindwa kuandika. Haikuuliza."

"Ilikuwa inauliza," alisema mhakiki. "Kidole kipi, ukuzaji gani, alipumzika muda gani. Mistari mitatu. Kliniki nane zilinung'unika kwamba fomu ni ndefu, nami nilitaka zitie saini kikao kiishe. Nikaifuta. Na wewe nilikwambia picha ya mfano haina haja ya lebo."

Alitoka, akaketi karibu na fundi kwenye benchi, akamweleza yote bila kujitetea. Fundi alisikiliza, kisha akauliza, "Ni kipi hicho?"

Mhakiki akamnyooshea. Fundi alikishika kwa mkono wenye bendeji, akakigeuza kwenye mwanga kama anayetafuta mshono ulioachia.

"Kizima," alisema. "Miezi mitano nikiumwa, mume wangu ananiambia, hospitali wamesema huna kitu. Hata mimi nikaanza kujiona mwongo." Akakiachia. "Pole yako sina pa kuiweka, mwanangu. Niandikie. Yeye nyumbani anaamini karatasi tu."

Mhakiki alichukua fomu tupu, akaichora mistari mitatu kwa kalamu. Kwenye jalada la thelathini na moja akaandika: mkono wa kushoto, kidole cha pete, ukuzaji haukuandikwa, mgonjwa hakupumzishwa. Picha si ya mgonjwa huyu. Akaandika ni ya nani, jina lake kamili, akatia saini, akampa fundi nakala aende nayo nyumbani.