Kikanyagio cha Mwalimu Alfonsi

Siku Recho alipokutana na Kasimiri, kila mmoja alikuwa ameshika ncha ya fremu moja ya pikipiki, na hakuna aliyetaka kuachia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa vyuma chakavu kule Temeke. Watu wanapigana vikumbo, mabati yanarushwa, spika inapiga singeli mpaka masikio yanauma. Recho alivaa ovaroli ya bluu iliyotobolewa na cheche, na kilemba cha kitenge kichwani. Mwanaume wa upande wa pili alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mtu gani anakuja kwenye skrepa na shati jeupe?

"Braza, achia. Nimeiona mie kwanza."

"Sista, mie nimeiona nikiwa na miaka minne. Hii ni ya marehemu baba. Mdogo wangu kaiuza juzi, eti anasafisha uwani."

Recho akaitazama vizuri. Kutu tupu, na mkia umepinda, lakini mirija ilikuwa mizima. Pikipiki za miaka ya sabini zilitengenezwa kwa chuma, si kwa maneno.

"Sasa utaifanyia nini? Utaishonea suti?"

"Suti ndiyo kazi yangu, nina cherehani pale Kinondoni. Hii ningejua cha kuifanyia, ningekuwa nimevaa ovaroli kama wewe."

Recho akacheka, na anayecheka katikati ya ugomvi ameshashindwa nusu. Wakakubaliana. Kasimiri atainunua, Recho ataifufua kwenye karakana ya nyumbani kwao Mwananyamala, na kila Jumamosi mwenye mali atakuja kusaidia.

Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha bati nyuma ya nyumba, kikitazamana na jiko. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Anselmo, mpaka moto wa kuchomelea ulipoyachosha macho yake. Sasa mzee alishinda ndani na redio, ila sheria yake ilibaki: ondoa kila kilichoongezwa na mafundi wa vichochoroni, chuma kirudi kama kilivyozaliwa. Recho aliishika sheria hiyo kama sala.

Wanaume wawili walishawahi kumpenda. Wote wawili, kwa maneno matamu kabisa, walimwomba aache kazi hiyo ya kiume. Kasimiri hakuomba. Jumamosi ya pili Recho alipotaka kujua kama fremu imenyooka, alimpa Kasimiri ncha ya uzi aushike kwenye shingo ya usukani, yeye akauvuta mpaka nyuma panapokaa gurudumu.

"Huu uzi wako mnene," Kasimiri akasema. Akatoa mfukoni kibunda cha uzi mweupe wa cherehani. "Jaribu huu. Haudanganyi."

Kweli, uzi ule mwembamba ukaonyesha kosa la upana wa ukucha. Recho akamwangalia mshona suti yule aliyepiga magoti kwenye vumbi la chuma, shati limeharibika na wala hajali, akajua kwamba amepatikana.

Jioni zikawa za simu.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula cheche."

"Basi kunywa maji, zisije zikaniunguzia mtu."

"Mtu wako nani?"

"Si ndiyo huyo anayeuliza."

Mwezi wa pili wa kazi, siku ya Alhamisi, Recho alifikia sehemu ya mbele ya fremu. Hapo palikuwa na kipande cha nondo kimekingamishwa chini ya tangi, na maungio yake yalikuwa na mabonge kama ugali ulioshindikana. Akakikata kwa grinda, akasaga mpaka mrija ukawa laini, na mnunuzi wa skrepa alipopita na mkokoteni wake, kikaenda pamoja na takataka nyingine.

Jumamosi Kasimiri akaja na chapati za moto. Akainama kwenye fremu, akapapasa.

"Kile chuma cha hapa kiko wapi?"

"Kile kidude? Nimekikata! Sijui ni fundi gani aliyekichomelea, kipofu yule. Aibu tupu. Ona sasa palivyo."

Alisubiri kusifiwa. Kasimiri aliweka chapati juu ya meza, taratibu.

"Sawa," akasema. Akaondoka.

Recho alipiga simu mara sita bila kupokelewa. Ya saba ikapokelewa. "Niko na wateja, Recho." Recho, siyo fundi wangu. Jina lake mwenyewe likamchoma kuliko cheche zote. Wiki mbili zikapita, naye akajipa jibu lililo jepesi kwa aliyewahi kuachwa: huyu ni wa tatu. Kaona aibu kuonekana na mwanamke mwenye mikono myeusi. Basi achukue chuma chake. Akakodi kirikuu, akapakia fremu, akaipeleka Pugu kwa mama yake Kasimiri.

"Shikamoo mama. Nimeleta mzigo wa Kasimiri."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Recho? Karibu."

Bi Bernadeta aliipapasa fremu kama mwanawe alivyoipapasa, na mkono ukasimama palepale.

"Kikanyagio kimeenda wapi?"

"Kikanyagio?"

"Cha Kasimiri. Marehemu Alfonsi alikuwa anampakia mbele, juu ya tangi, anampeleka shule. Siku moja injini ikamuunguza mtoto mguu. Alfonsi akaazima mashine, akachomelea hicho chuma mwenyewe, mtoto aweke miguu. Hakuwa fundi, mama. Alikuwa mwalimu. Alijiunguza mkono mpaka hapa." Akaonyesha kwenye kiwiko.

Recho alikaa kwenye kizingiti. Yule kipofu. Ile aibu tupu. Alisema hayo mbele ya mtoto wake, huku anasubiri sifa! Akalia, na hakujificha.

"Mama, naomba nirudi nayo."

Alipitia Temeke, kule wa mikokoteni wanakouza skrepa. Kipande hakikuwepo, shehena yote ilishakwenda kuyeyushwa. Jumamosi iliyofuata akamwandikia Kasimiri ujumbe mfupi: Nimeenda kwa mama. Njoo, tafadhali.

Alikuja. Shati jeupe, macho mekundu.

"Nisamehe," Recho akasema kabla hajakaa. "Nilimtukana baba yako."

"Hukujua. Mie ndiye niliyenyamaza. Nilikuwaga nakiangalia kila Jumamosi, nikasema nitakwambia kesho. Halafu nikakukasirikia wewe kwa uzembe wangu."

Recho akavuta turubai. Fremu ilikuwa nyeusi inang'aa, na chini ya tangi kulikuwa na kikanyagio, kimenyooka, safi.

Kasimiri akakipapasa. "Si kile."

"Si kile. Kile kimeyeyuka, na sitakudanganya."

"Umefanya vizuri. Ila miguu yangu sasa..." Akajaribu kutabasamu. "Haikai tena hapo, mpenzi."

"Nani kakwambia ni chako?"

Redio ya ndani ikazimwa. Kasimiri akavua tepu shingoni, akapiga magoti, akapima kutoka juu ya tangi mpaka kwenye kikanyagio.

"Hiki ni cha mtoto wa miaka minne."

"Sikukichomelea. Nimekifunga kwa bolti, na matundu ni matatu. Akirefuka, tunakishusha."

"Recho. Nipeleke barua ya posa kwa mzee?"

Kabla hajajibu, sauti ya Mzee Anselmo ikatoka dirishani:

"Mwambie asiandike ndefu! Macho yenyewe sina!"